Mama Yake Jibini Aukalia Mpira

Haya, nimewasikia. Wiki nzima mnanikaba na swali moja. Hata kinyozi wangu kaniachia nusu ya ndevu, anataka jibu kwanza: mpira ule ulianguka wapi?

Ulianguka kwenye paji la uso la Ueli Zbinden.

Ko!

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, sikiliza haraka haraka na usinirudishe nyuma tena. Ni Jumamosi ya Agosti, mwaka 1882, saa kumi alasiri, uwanja wa Zanesville, jimbo la Ohio. Soksi za Kijani wa hapo nyumbani wanavaana kwa besiboli na Kofia Nyeusi wa Akron. Ni sita kwa sita, raundi ya tisa, ya mwisho. Akron ndio wanaopiga na wameshatolewa wawili. Akitolewa wa tatu, zamu yao imekwisha. Kapteni wao, Barnabas Pruitt, pandikizi la mtu na kitambi kama pipa, kautandika mpira ukapaa wima, juu, juu, mpaka ukawa kitone. Chini yake kasimama Ueli, mdakaji wa Zanesville, mikono mitupu ameinyoosha. Mpira mwepesi kuliko yote aliyowahi kudaka; akiudaka tu, Pruitt ametolewa.

Ndipo kutoka kwenye viti vya watazamaji ikapasuka sauti ya mwanamke, kwa lugha ya kwao Ueli, lugha ya milimani kule Uswisi:

"Ueli! Funga kifungo cha shati, utaumwa kifua!"

Sauti ya mama yake mzazi. Mama ambaye kwa hesabu zote za Ueli alikuwa ng'ambo ya bahari, jikoni kwake, anamenya viazi.

Ueli akageuka kutazama. Mpira haukumsubiri.

Ukamgonga, ukadunda kama umegonga ukuta, ukaruka uzio, ukatua safu ya tatu kwenye mapaja ya mwanamke mfupi aliyejifunga shali jeusi, kikapu miguuni. Mama Verena Zbinden akauokota. Akaugeuza huku na huku. Akaubonyeza kwa dole gumba. Kisha akauweka kwenye benchi na kuukalia.

"Kilichompiga mwanangu nimekikamata," akatangaza.

Upande ule wamejaa Wajerumani wa mjini, na lugha yao na ya Mama Verena ni ndugu. Walicheka mpaka bia ikawatokea puani.

Lakini pale kati hakuna aliyecheka, maana siku zile mechi nzima ilikuwa na mpira mmoja tu. Na sheria ilikuwa hivi: mpira ukishikwa na mtazamaji, wakimbiaji wanakimbia watakavyo, hakuna ruhusa ya kumtoa mtu, mpaka mpira urudi kwenye mikono ya mrushaji. Mwamuzi, mzee Lysander Crabbe, mwenye kofia ndefu na mkongojo, akapaza sauti:

"Mpira umezuiwa! Anayetaka kukimbia akimbie!"

Pruitt akasikia. Akatazama viti, akamwona yule mama amekaa imara kama mlima. Akatabasamu. Hakukimbia, ndugu zangu. Alitembea. Alitembea kama bwana harusi anayejua kabisa kwamba chakula hakiwezi kuanza bila yeye.

"Jibini!" Hiyo ni sauti ya Josiah Tuttle, mwenye kiwanda cha vyungu na mwenye timu, naye akimwita Ueli kwa jina ambalo mji mzima unamwita. "Jibini, ulete huo mpira!"

Kando ya Tuttle benchini alikaa Orville Stubbs, mdakaji aliyeshuka asubuhi hiyo kwa treni ya Cleveland na begi lake, akibugia karanga tangu raundi ya kwanza. Tuttle alikuwa ameshamwambia Ueli waziwazi: "Tukifungwa leo, Stubbs anavaa soksi zako." Sasa Stubbs aliona kitambi cha Pruitt kinakaribia kituo cha kwanza, kati ya vitatu vya kuzunguka kabla ya kurudi alipoanzia, akaweka karanga chini, akaanza kufungua kamba za viatu.

Ueli akatimua mbio, akauruka uzio, akapanda hadi safu ya tatu. Nyota zinamzunguka. Nundu inamchomoza kwenye paji kama yai la bata.

"Mama! Umefikaje hapa?"

"Kwa meli. Kisha treni. Kisha treni nyingine. Kisha miguu, maana yule mama mwenye nyumba yako kanionyesha kidole tu, huku. Salamu ndiyo hiyo?"

"Pole na safari, Mama. Nipe mpira, Mama."

"Mpira gani? Hili ni jiwe limeshonewa ngozi. Nimelikalia."

"Nimeona. Naomba unyanyuke."

"Likupige tena?"

Nyuma yake akafika mbio Dinny Tighe, mrushaji wa Zanesville, mzaliwa wa Ireland, nywele nyekundu, mdomo haujawahi kupumzika tangu abatizwe.

"Jibini! Mwambie huyo bibi anyanyue makalio yake! Lile nguruwe limeshapita kituo cha kwanza!"

"Anasema nini huyu mwenye nywele za karoti?" akauliza Mama Verena.

Ueli akatafsiri: "Anasema karibu sana Amerika."

"Mbona anapiga miguu chini?"

"Ndivyo kwao wanavyompokea mgeni."

Mama Verena akampungia Tighe mkono kwa heshima zote. Tighe akavua kofia, akaitupa chini, akaikanyaga mara tatu.

"Mtu mkarimu," alisema Mama Verena. "Mpelekee kipande cha soseji, kiko kwenye kikapu."

"Mama, hatuna muda wa soseji!"

Kule kituo cha pili Pruitt alikuwa amesimama kabisa. Ametoa sigara nene mfukoni, anajipapasa, hana kiberiti. Akamwomba mlinzi wa kituo, mchezaji wa Zanesville mwenyewe. Na yule kijana, kwa kuwa kalelewa vizuri, akamwashia. Tuttle alipoona vile akajishika kifua na kukaa juu ya karanga za Stubbs.

Wajerumani wakaona wamsaidie mtu wao. Wakaanza kupiga mabenchi kwa vikombe vya bia na kuimba kwa Kijerumani:

"Ji-bi-ni! Ji-bi-ni! Ji-bi-ni!"

Uso wa Mama Verena ukafunguka kama dirisha.

"Ueli! Kumbe ni kweli!"

Hapo nielezeni mngefanya nini. Maana kwa miaka mitatu Ueli alikuwa akimwandikia mama yake kwamba yeye ni fundi mkuu wa jibini. Ukoo wa Zbinden hutengeneza jibini, ndio kazi yao tangu babu wa babu, na siku anaondoka bondeni kwao Mama Verena alimwambia neno moja tu: Nenda, lakini usije ukatuaibisha kwa kazi ya kipuuzi. Kwa hiyo katika barua ya kwanza Ueli akajipa sufuria mbili za shaba. Ya pili, sita. Barua ya mwisho alikuwa na sufuria kumi na nne, wasaidizi tisa na medali ya gavana.

"Watu wote hawa," Mama Verena alisema, machozi yakimlenga, "wote wanaililia jibini yako?"

"Wanaililia, Mama," akasema Ueli, na moyoni akajiona mdogo kama punje ya mtama. "Nipe hicho ulichokalia, niende nikawakatie."

"Ngoja. Fundi wa jibini na soksi za chura, wapi na wapi?"

"Ni... ni sare ya kiwanda."

"Hebu nipe mkono nishuke."

Ueli akanyoosha mkono bila kufikiri. Akataka kuurudisha. Alichelewa.

Mama Verena akaushika. Zamani zile mdakaji alidaka mikono mitupu, mpira ukija kama risasi, mchana kutwa, na vidole vya Ueli vilikuwa vimeshakata tamaa ya kukaa pamoja. Kidogo kilitazama mashariki, cha kati kimepinda kama ndoano, dole gumba limekuwa kubwa kama la mtu mwingine kabisa. Mama Verena akavipitia kimoja kimoja, kama anavihesabu apate uhakika vyote ni vya mwanawe.

"Unajua kilichonileta?" akasema taratibu. "Mwandiko wako. Uliondoka unaandika vizuri kumshinda mwalimu. Barua ya mwisho ilikuja kama kuku kakanyaga wino akapita. Nikasema mwanangu ama ameanza ulevi ama anakufa. Nikafunga nyumba, nikaja."

Tighe akamvuta Ueli shati. "Anaelekea cha tatu, Jibini! Anavuta sigara na anaelekea cha tatu!"

Ueli hakumsikia.

"Sinywi, Mama," akasema. "Wala sifi. Sina sufuria. Sina hata moja. Wasaidizi ni uongo, gavana simjui. Mimi nadaka mipira, ndiyo kazi yangu, hao wanaoniita Jibini wananitania tu kwa kuwa ni Mswisi. Na vidole vimevunjwa na hicho hicho ulichokikalia."

Hata Wajerumani waliokaa karibu walishusha vikombe.

"Na unaipenda kazi hii?"

"Sana."

"Kuliko jibini?"

"Kuliko jibini, Mama."

Mama mmoja wa Kijerumani safu ya nyuma akafanya ishara ya msalaba.

"Hata ile ya miezi kumi na minane," akauliza Mama Verena, sauti imepungua, "yenye mashimo makubwa?"

"Hata ile."

Mama Verena akafumba macho. Alipoyafumbua alimtazama Pruitt anayepiga hatua za maringo kuelekea kituo cha tatu, akipuliza moshi.

"Yule mnene akirudi pale alipoanzia, itakuwaje?"

"Akron wanaongoza. Tusiposawazisha, nafukuzwa."

"Na yule anayevua viatu?"

"Ndiye atakayechukua nafasi yangu."

Mama Verena akamkagua Stubbs kuanzia maganda ya karanga ndevuni mpaka soksi iliyotoboka kidole.

"Huyu?" akasema. "*Huyu?*"

Akanyanyuka.

Uwanja mzima ukalipuka. Pruitt, aliyekuwa ndiyo kwanza amekanyaga kituo cha tatu, akageuza shingo aone kuna nini. Alichokiona ni mwanamke mfupi amesimama juu ya benchi na mpira mkononi. Sigara ikamdondoka. Na kwa mara ya kwanza toka aote meno, Barnabas Pruitt alikimbia.

"Nimpe nani?" akapiga kelele Mama Verena.

"Yule mkarimu!"

Tighe alikuwa ameshafyatuka kurudi kwenye nafasi yake ya kurushia. Sasa, Mama Verena alikuwa na miaka hamsini ya kurudisha ng'ombe kutoka kwenye magenge kwa mawe, na ng'ombe wa kwao hawasikii ila jiwe likipita karibu na sikio. Akavuta mkono nyuma, akaachia. Mpira ulipita juu ya kofia tatu na mwavuli mmoja ukipiga mluzi. Tighe akaupokea kifuani kwa mikono miwili.

"Mama yangu wee!" akalia.

Mpira ukawa hai; sasa mtu anaweza kutolewa.

Ueli alishauruka uzio kurudi uwanjani. Anakimbilia nyumbani, yaani lile bamba jeupe ambalo mkimbiaji akiligusa tu, alama imeingia, lakini akiguswa na mpira kabla, ametolewa. Pruitt naye anakuja kutoka upande wa pili kama ghala lililong'oka kwenye mteremko. Tighe akarusha. Ueli akadaka, vidole vikalia kama kuni kavu, akageuka, na hapo hapo jua likazimika.

Lilikuwa kitambi.

Vumbi. Watu wote wamesimama, roho mkononi. Mzee Crabbe akatembea polepole na mkongojo wake mpaka kwenye ule mlima wa nyama. Pruitt amelala kifudifudi. Cha Ueli kinachoonekana ni kiganja kimoja tu kimechomoza pembeni, vidole vimepinda kila upande. Na katikati ya vidole hivyo, mpira.

"Ameshaligusa bamba!" akafoka kocha wa Akron.

Crabbe akapiga magoti. Akachungulia. Akachomeka mkongojo chini ya kapteni, akautoa, akautazama.

"Mguu haujafika," akasema. "Mkono haujafika. Kitambi kimefika, ila kimelala juu ya Jibini, na Jibini si bamba." Akainuka. "Nje!"

Weee! Kofia zikapaa. Wajerumani wakambeba Mama Verena pamoja na benchi lake. Stubbs, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, akaomba arudishiwe karanga zake.

Furaha ile haikumaliza hata dakika mbili.

"Rufaa!" Ni Pruitt, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Yule bibi ni nani? Mpira umerushwa na nani? Mtazamaji akishiriki mchezo kumsaidia mwenyeji, mgeni ndiye mshindi. Fungua kitabu, mzee!"

Crabbe akatoa kijitabu mfukoni, akalamba kidole, akasoma midomo ikicheza. Uso wake ukazidi kurefuka ukurasa hadi ukurasa. Ueli, aliyekuwa ndiyo kwanza anakwanguliwa kutoka ardhini, alijua maana ya uso ule.

"Kapteni yuko sahihi," akasema Crabbe. "Isipokuwa huyo mama awe mchezaji wa..."

"Ni mchezaji wetu!" Tuttle akarukia.

"Tangu lini?"

"Tangu jana jioni! Anaitwa, anaitwa..." Akamkodolea macho Ueli.

"V. Zbinden," akasema Ueli kwa sauti ya mtu anayezama.

"V. nani?"

"V. tu," Tuttle akakazia. "Ni mtu wa maneno machache."

Pruitt akacheka mpaka vumbi likamdondoka. "Mwanamke!"

Crabbe akarudia ukurasa, tena na tena. "Kitabu hakisemi mchezaji awe mwanamume," akasema hatimaye, na kwa sauti yake ilikuwa dhahiri kwamba jambo hilo linamuuma. "Wala hakikatazi kikapu. Lakini mchezaji mpya huingia mwenzake akiumia. Nani kaumia?"

Macho yote yakahamia kwenye nundu ya Ueli.

"Basi Jibini anatoka, V. anaingia, na anashika zamu yake ya kupiga. Zamu hiyo ni ya ngapi?"

"Ya kwanza," akasema Tighe kwa unyonge. "Ndiyo tunaanza nayo sasa hivi."

"Safi kabisa," akasema Pruitt, na macho yakamwaka kama paka aliyeona maziwa. "Apewe mpira mmoja. Akiugusa kwa gongo la kupigia, huyo ni mchezaji, sina neno. Asipougusa, ni mtazamaji, na mechi ni yetu."

"Imekubaliwa," akasema Crabbe.

Tuttle akamsogelea Ueli sikioni. "Asipougusa, Jibini, usirudi hata kuchukua kofia."

Ueli akaenda kwa mama yake, gongo mkononi.

"Mama, chukua gongo hili. Yule mrefu pale atakurushia mpira, nawe uugonge."

"Kwa nini anirushie? Nimemkosea nini?"

"Ni mchezo, Mama."

"Na wewe umeacha jibini kwa ajili ya hili." Akalipokea gongo, akalipima uzito, akalinusa. Kisha akavua shali, akampa Tighe amshikie, akakunja mikono ya gauni hadi viwikoni. Wajerumani wakaanza kunong'onezana.

"Muulize anataka mpira wa juu au wa chini," Crabbe akamwambia Ueli, maana siku zile mpigaji alikuwa na haki ya kuchagua.

Ueli akauliza.

"Mwambie nimezoea kupiga pembeni," akasema Mama Verena. "Kama zulia likiwa kwenye kamba."

"Wa kati," akatafsiri Ueli.

Mama Verena akasimama penye bamba. Nyuma yake akachutama Pruitt, ambaye kwenye timu yake ndiye mdakaji, akimpumulia mgongoni na kumwimbia wimbo wa kubembelezea watoto. Kando ya Pruitt, karibu mno, alisimama Crabbe na kofia yake ndefu.

"Mama, sogea mbele kidogo!" akaita Ueli.

Hakusogea. Mrushaji wa Akron akajinyoosha, akazungusha mkono mara moja, mara mbili. Ueli hakuweza kutazama. Akajifunika uso kwa viganja vyote viwili.

Paaa!

Sauti nzito, iliyojaa, sauti ya gongo lililopata haswa lilichokusudiwa. Uwanja mzima ukasema "Aaa!" kwa pamoja, kisha ukanyamaza kabisa.

Vidole vya Ueli havikuwa vya kuziba kitu. Akachungulia katikati yake, akatazama mbele, akaganda.

Mpira ulikuwa bado mkononi mwa mrushaji.